Printa ya wino wa chupa, mwaka mmoja mikononi mwa watoto watatu

Nianze na mimi, ujue mashine hii imeteswa na nani. Ni mama wa watoto watatu, naishi Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Upepo ukitulia, mwadhini wa msikiti wa Mandhry namsikia hata stima ikiwa imekatika. Mzee wangu ni karani bandarini Kilindini. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, watu wa kawaida tu: sala tano, Kurani baada ya alfajiri, kisha uji, kisha hesabu. Kifungua mimba ana pumu. Mwaka mmoja alikosa shule karibu muhula mzima, nikaanza kumfundisha mwenyewe asibaki nyuma, na hatukurudi tena. Mashoga zangu walisema nimepata wazimu. Mavyaa hakusema kitu. Alikuja na ubao.

Sasa printa. Mwenye kufundisha nyumbani anakula karatasi kama mbuzi. Nina Gredi 5, Gredi 2 na mmoja wa PP1, chekechea, ambaye kazi yake ni kufuatisha herufi. Mitaala naitoa kwenye tovuti ya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, mazoezi natunga mwenyewe. Saiba, duka la kompyuta na kuchapisha, walikuwa wakinitoza shilingi 10 kila ukurasa, na kwa mwezi nilikuwa nikiacha pale zaidi ya 3,000. Tulijaribu kwanza printa ya katriji, ile ya bei rahisi. Usinunue. Rimu moja haijesha na katriji zishakauka, na ukienda kununua mbili unakuta bei yake inakaribia ya printa yenyewe.

Hii ya wino wa kumimina tuliipata Sh 24,500 duka moja la Barabara ya Digo, na chupa nne ndani ya boksi. Boksi linaahidi kurasa 4,500 kwa chupa nyeusi. Sisi tumemaliza rimu 7 na juzi ndiyo nimefungua chupa nyeusi ya pili, kwa hivyo hawakunidanganya sana. Kumimina wino fanya mwenyewe, watoto wakiwa wamelala. Kwangu kuna doa la buluu kwenye mkeka hadi leo.

Kero ya kwanza ni unyevu. Masika ya hapa karatasi zinajikunja zenyewe, printa inazivuta mbili mbili kisha inakwama. Dawa niliyoipata ni kuiweka rimu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na kuchomoa karatasi ninazohitaji tu.

Kero ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya. Usipochapisha siku nne tano, wino hukauka kwenye kichwa cha kuchapishia na ukurasa hutoka na mistari myeupe. Kwa hesabu si neno, mtoto atakisia. Lakini nilimchapishia wa pili Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, kwa herufi kubwa, mstari mweupe ukapita juu ya tee ya "an'amta" na fataha yake, ile alama ya irabu a, ikapotea. Akaniuliza, "Mama, hapa nisome ta au tu?" Ukisoma "an'amtu", umemtoa Mola kwenye neema ukajiweka wewe: si "uliowaneemesha" tena, ni "niliowaneemesha". Alama moja ndogo kama unyoya wa kuku! Tangu siku hiyo sijali printa inachapisha picha vizuri kiasi gani. Nachapisha aya moja yenye irabu kamili, nakaa dirishani na miwani, nahesabu. Hii, baada ya kusafishwa kichwa mara mbili kwa kitufe chake, irabu zote zilirudi. Ile ya katriji haikuwahi kufaulu mtihani huo.

Kinachonifurahisha zaidi sikukitarajia: kioo cha kunakili juu yake. Mavyaa ana daftari la marehemu babake, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kurasa zinapukutika ukizigusa. Tumenakili zote, na sasa kila Alhamisi anakaa na kifungua mimba, huyu anasoma nakala, yule anamsahihisha bila hata kutazama. Hilo ndilo somo letu la Kiswahili, na sijui mtihani gani utalipima.

Nyota nne. Moja nimeikata kwa ajili ya kukwama kwake, kwa sababu kurasa za aya zikichanika sizitupi jaani. Ustadhi wa mtaa alituambia tuzichome au tuzizike mahali safi, basi nina mfuko wa kitambaa nyuma ya mlango. Ulipojaa mara ya kwanza mzee wangu aliuinua, akaupima mkononi, akaniuliza kama nimeanza biashara ya karatasi.