Ati mwenye pikipiki aje!

Gereji hii siipi hata nyota moja. Cheni kukatika njiani si ajabu, chuma ni chuma, na hilo ningelimeza. Lililonikaa kooni ni yule kijana wao wa kaunta.

Nilipeleka pikipiki yangu kwao hapa kisiwani Mombasa, wanitilie cheni mpya na sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, wanisafishie kabureta, waniangalie breki. Nilikuwa na ziara ndefu: kwanza Voi, kwa shoga yangu wa tangu skuli aliyeolewa huko, kisha Makindu, kwa jamaa niliyewahi kufanya naye kazi bandarini. Sandukuni nimepakia haluwa na chupa ya achari ya embe. Kabla sijaondoka nikapiga picha ya pikipiki ilivyopakiwa, nikamtumia shoga yangu ajue niko njiani. Picha hiyo ishikeni, ina kazi yake.

Hadi Mariakani ni kusukumana na malori tu, kila mtu anaijua njia ile. Mackinnon Road nikasimama pale msikitini kando ya reli, penye kaburi la Seyyid Baghali, nikatoa sadaka yangu, nikashika njia. Sijafika Maungu, nikasikia tak! Gurudumu la nyuma likashika. Trela lililokuwa nyuma yangu linalia honi, mimi napepesuka kuelekea kwenye changarawe. Alhamdulillahi sikuanguka. Kuinama kutazama, cheni imetoka, imejisokota penye sproketi ya mbele.

Kijana wa bodaboda akasimama bila kuitwa. Akaikwamua kwa bisibisi, akatafuta chini ya kiti chake akapata kiungo cha akiba, akaniungia. Akachukua pesa ya soda tu. Aliniambia kiungo nilichofungiwa kule gereji kimeachia, klipu yake, kile kibanio kidogo kinachokizuia kisifunguke, huenda iko lamini huko nyuma.

Usiku ule Voi, mume wa shoga yangu akaifungua ile picha, akaikuza kwa vidole viwili. Kiungo kilikuwa juu ya sproketi, kinaonekana waziwazi. Klipu ile ina umbo la samaki: kichwa kilichozibwa hutazama kule cheni inakokwenda, mkia ulio wazi hubaki nyuma. Yangu ilifungwa kinyume. Chochote kikigusa ule upande wa wazi, klipu inang'oka. Hilo hata mwanafunzi wa ufundi analijua!

Makindu nilifika salama. Mwenyeji wangu akanipeleka kwenye hekalu la Masingasinga, ambako msafiri yeyote hulishwa bure. Watu wasionijua walinipakulia dengu na chapati, hakuna aliyeniuliza mume wangu yuko wapi.

Sasa sikilizeni ya Mombasa. Niliporudi nikaenda gereji na picha yangu. Kijana wa kaunta anatafuna mogoka, macho yako kwenye simu. Nikaeleza yote, kwa adabu kabisa. Akaniambia:

"Mwambie mwenye pikipiki aje tuzungumze."

"Mwenyewe ni mimi."

"Basi mzee wa nyumbani."

Nikamwekea logibuku juu ya kaunta. Akasoma jina, akanitazama kuanzia buibui hadi viatu. "Wewe ndo umeiendesha mpaka Makindu? Aa, ndo maana."

Ndo maana nini?! Wallahi nilitetemeka.

Haki lazima isemwe, lakini. Kabureta waliisafisha vizuri mno, kutoka Voi hadi Makindu na kurudi injini haikukohoa, na breki zinashika barabara. Kazi hiyo aliifanya fundi wao mmoja mzee, na ni yeye aliyetoka nyuma, mikono imejaa grisi, akaitazama picha, akaguna. "Imefungwa kinyume. Niwie radhi, mwanangu." Akanifungia cheni mpya hapo hapo, akaniita nichuchumae niione klipu kwa macho yangu kabla hajashusha pikipiki. Moyo ukalainika. Nikasema basi, nitawapa nyota tatu, labda hata nne, kwa heshima ya mzee huyu.

Nikawasha niondoke. Yule kijana akanifuata mpaka mlangoni, ati nimesahau pesa ya ufundi.

Ya kufunga cheni waliyoiharibu wao! Nikamwambia amwite mwenye gereji aje tuzungumze, nikaondoka zangu.

Kwa hiyo nyota ni sifuri, na nikirudi pale labda nimechanganyikiwa. Ila mwenye kabureta inayosumbua, nisiwe mchoyo: usipite kaunta. Zunguka nyuma, ulizia mzee, na pesa mpe mkononi mwake.