Bima ya dhima kwa wenye yadi za kifusi Mwanza: ipi ununue kwanza

Nyumba ya zamani ikibomolewa Igogo au Mabatini, vumbi halijatulia nondo zimeshaanza kunyooshwa, matofali mazima yamepangwa pembeni, na zege linasubiri nyundo au krasha ligeuke kokoto. Wenye yadi za Nyakato, Igoma na Buhongwa bei ya chuma chakavu wanaijua usingizini. Bima je? Hiyo hununuliwa siku mkandarasi anapodai cheti ndipo atoe kazi. Unampigia wakala, unaulizia ya bei ndogo, hati inaingia WhatsApp, na hakuna anayeifungua.

Hapa nazungumzia bima za dhima tu, zile zinazolipa kazi yako inapomuumiza mtu wa nje au kuharibu mali yake. Krasha kuungua na nondo kuibiwa ni habari nyingine.

Mambo mawili hayapo kwenye orodha ya hapa chini kwa sababu huna uchaguzi. Tipa likiingia barabarani, bima ya mtu wa tatu ni lazima. Na ukiajiri, lazima ujisajili na kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mchango huo ni mzigo wa mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wa mtu. Vibarua wanaogonga zege ndio wanaoumia zaidi na ndio wasioandikwa popote. Waandike, maana bima ya dhima kwa umma haimlipi mtu wako mwenyewe.

1. Dhima kwa umma na dhima ya bidhaa katika hati moja, ya mwaka mzima

Kwa yadi inayosaga na kuuza, hii ndiyo ya kwanza. Sehemu ya umma inabeba jiwe lililoruka kutoka kwenye krasha likavunja kioo cha gari la jirani, au mteja aliyekanyaga nondo ndani ya yadi yako. Sehemu ya bidhaa inaanza kazi mzigo ukishatoka getini. Kokoto zako zikiwa na jasi au udongo, sakafu ikapasuka na kuharibu mashine za mteja, bila sehemu hii uko peke yako. Ila isikuchanganye: italipia mashine zilizoharibika, si kokoto mbovu. Hizo utarudishia mwenyewe.

Sasa njoo kwenye ukurasa wa yasiyolipiwa, maana biashara hii inaangukia hapo. Hati ya kawaida mara nyingi hailipii uchafuzi wowote. Ukiomba nyongeza, kampuni hukurudishia uchafuzi wa ghafla na usiotarajiwa tu. Chukua yadi iliyo jirani na wanaoanika dagaa kule Igombe. Chujio la vumbi likipasuka asubuhi moja na dagaa wa chanja nzima wakageuka kijivu, hilo ni la ghafla, una hoja. Vumbi likiwatua kidogo kidogo msimu mzima hadi mnunuzi akaukataa mzigo, hakuna atakayekulipia. Kinachokuokoa hapo ni kumwagilia maji na kufunika krasha.

Maji nayo yana kesi yake. Mvua kubwa husomba unga wa saruji kutoka kwenye lundo hadi kwenye mtaro, kisha Mto Mirongo, kisha ziwani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mchafuzi abebe gharama, na inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Yadi yako ikiwa ndani ya mita hizo, usitegemee bima ikutetee. Faini ya mamlaka ya mazingira nayo hailipiwi na bima ya dhima.

Asbesto, zile nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, ndiyo sipati nayo suluhu ya bima. Mapaa ya majengo ya zamani bado yanayo, na hati nyingi haziilipii kabisa. Andika kwenye mkataba wa kubomoa kwamba mwenye jengo ndiye atakayeiondoa kwa utaratibu wa mamlaka kabla hujaanza.

2. Dhima kwa umma peke yake

Inamtosha anayekusanya, kuchambua na kuuza chuma kwa mnunuzi wa jumla, bila kutengeneza kitu kipya. Ni nafuu zaidi. Siku ukinunua krasha, panda hadi namba moja, na uijulishe kampuni kabla hujaliwasha.

3. Bima ya mradi

Wakandarasi huiita bima ya hatari zote za ukandarasi. Ndani yake kuna sehemu ya dhima kwa watu wengine. Ni nzuri ukipewa kazi ya kubomoa jengo moja, lakini kazi ikiisha nayo inaisha, na yadi yako inabaki wazi. Kwa Mwanza uliza swali moja bila aibu: mtikisiko na kuondoa egemeo vimo? Nyumba zetu za mlimani zimekaa juu ya mawe, ya juu ikiegemea ukuta wa ya chini. Ukibomoa ya chini, ufa unatokea kwa jirani wa juu. Vipengele hivyo viwili mara nyingi huachwa nje ya hati, na hurudishwa kwa ada ya ziada baada ya ukaguzi na picha za nyufa zilizokuwepo tangu awali. Picha hizo zipige hata wasipokuomba.

4. Kifurushi cha biashara ndogo

Moto, wizi, na dhima kidogo ya kusindikiza. Sikipendekezi. Tatizo kubwa ni fomu: wakala anaandika "duka la vifaa vya ujenzi" ili ada ishuke, nawe unasaini. Siku ya dai mkaguzi anakuta krasha na milima ya zege, na habari inaishia hapo.

Kwa chaguo lolote, ulizia kijiko na tipa. Bima ya gari inaangalia barabarani. Kijiko kinapochota ndani ya yadi, au tipa linapoinua bodi likakata nyaya za umeme, bima ya gari inaweza kusema hicho kilikuwa chombo cha kazi, na ya dhima ikasema hilo ni gari. Pata jibu kwa maandishi.

Kwenye bei, linganisha kikomo cha kila tukio na cha mwaka, kiasi utakachobeba mwenyewe kwanza, na kama gharama za wakili zimo ndani ya kikomo au ziko juu yake. Uliza pia kama bei uliyotajiwa imejumlisha VAT. Tofauti ya watu nayo ina maana: wakala anaiwakilisha kampuni, dalali wa bima anakuwakilisha wewe. Kwa kazi yenye masharti mengi hivi, mimi ningeenda kwa dalali. Hakiki leseni yake na hati yenyewe kwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza, na ukumbuke ulinzi hauanzi kabla ada haijalipwa.

Likitokea jambo, piga picha, chukua majina ya mashahidi na uijulishe kampuni siku hiyo hiyo kwa maandishi. Mpe jirani pole, msaidie kufika hospitali, lakini usimwandikie karatasi ya kukiri kosa wala usikubaliane naye kiasi. Hati inaipa kampuni haki ya kukataa dai kwa sababu hiyo tu.