Ujumbe wa sauti wa WhatsApp: kwangu unapata nyota zote

WhatsApp iliongeza ujumbe wa sauti mwaka 2013, na kwangu hakuna kilichofuata kinachoufikia. Maandishi yanatosha kwa "nimefika". Lakini mtu akifiwa, au mkikosana, maandishi huwa makavu mno. Mama akinitumia sauti, nasikia anavyovuta pumzi kabla ya kutaja jina langu, nasikia na kile kikohozi anachodai kimeisha. Hapo naijua hali yake kuliko angeniandikia "mimi mzima". Anaanza na salamu, anaulizia wajukuu mmoja mmoja, ndipo aingie kwenye shida yenyewe. Huo ndio ustaarabu alionilea nao, na simu inaubeba vilevile ulivyo.

Tangu 2021 unaweza kuharakisha sauti mara 1.5 au mara 2. Kwa matangazo ya kikundi, sawa, inasaidia. Kwa mtu anayelia, tafadhali usiguse kabisa! Msikilize hadi mwisho, halafu umpigie.

Upungufu ninaouona ni kwenye namba: ikitajwa katikati ya maelezo marefu, utahangaika kurudisha nyuma na kupeleka mbele. Namba ziandikwe tu.