Diski, Wingu au Flashi: Ununue Nini Kutunza Picha na Nyaraka kwa Miaka Mingi

Kama pesa yako inatosha diski moja ya terabaiti 2, nunua mbili za terabaiti 1. Kila diski ina siku yake ya kufa, na haitoi taarifa.

1. Diski ya nje ya kuzunguka, mbili

Ndiyo chaguo la kwanza kwa kuwa kila gigabaiti inakugharimu kidogo. Chukua za inchi 2.5, zinazopata umeme kwenye USB. Za inchi 3.5 zinataka adapta ya ukutani. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, diski inazimika hapo hapo hata kama laptopu bado ina chaji. Changanya kampuni, maana zilizotengenezwa pamoja zinaweza kuwa na kasoro moja.

Ukifika nyumbani, kabla ya kuweka chochote, fungua CrystalDiskInfo, programu ya bure ya Windows inayosoma afya ya diski. Tazama kwanza saa ambazo diski imewashwa. "Mpya" yenye saa 800 imeshatumika mahali, irudishe. Kisha angalia mistari ya 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu za diski zilizoharibika au zisizosomeka vizuri: thamani ghafi zote ziwe sifuri. Windows ikikuonyesha gigabaiti 931 badala ya 1,000 hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024. Baada ya hapo ijaze yote kwa majaribio wiki ya kwanza, risiti ikiwa bado ina nguvu. Kwa USB 3.0 ni kama saa tatu, kwa 2.0 ni siku nzima ya kazi.

Ukitumia Windows tu, fomati kwa NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows. exFAT inasomeka na kuandikika kwenye Mac pia, ila haina kumbukumbu ya mabadiliko, kwa hiyo kuchomoa waya ghafla huiumiza zaidi.

Kinachoziua hasa ni kuanguka zikiwa zinazunguka: kichwa cha kusomea kinagusa sahani. Ukisikia tik, tik, tik, chomoa. Usijaribu "mara moja ya mwisho", kila jaribio linakwangua zaidi. Mombasa, Zanzibar au Dar, ambako hewa ina unyevu na chumvi, ifungie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vipakiti vya silika. Moja ikae kwako, ya pili kwa ndugu mtaa mwingine, kwa sababu mwizi na moto havichagui. Kila mwaka ziwashe zote mbili, ufungue mafaili kadhaa, video ndefu hasa.

2. Wingu, kama nakala ya tatu

Wingu ni hifadhi ya mtandaoni. Google inatoa gigabaiti 15 bure, lakini barua pepe, Drive na picha vinagawana humo humo. Akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa. Kwenye mipangilio ya picha chagua ubora halisi, la sivyo zinabanwa. Halafu kuna kosa la kila siku: mtu anafuta picha ndani ya programu ya Google Photos ili simu ipate nafasi, na ya wingu inaondoka nayo. Tumia kile kitufe cha kuachia nafasi, kinachoondoa za simu peke yake.

3. M-DISC

Ni sahani ya kuchomea mfano wa CD, iliyotengenezwa kudumu. Ni kwa vitu vichache visivyobadilika: vyeti, hati ya kiwanja, picha za harusi. Zipo za gigabaiti 25 na 100. Data huchongwa kwenye tabaka la madini, si rangi inayopauka kama CD za kawaida. Utahitaji mashine ya kuchomea Blu-ray inayokubali M-DISC, na hiyo ndiyo gharama yenyewe.

4. SSD ya nje

Hii ni diski ya chipu, isiyo na kinachozunguka, kwa hiyo ina kasi na haiogopi kuanguka. Ni nzuri kwa kazi, si kwa kabati. Data humo ni chaji ya umeme, na ikikaa bila kuwashwa chaji huvuja, haraka zaidi kwenye joto. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kwa SSD ya kawaida iliyofikia mwisho wa matumizi yake ni mwaka 1 tu bila umeme, kwa nyuzi 30.

5. Flashi na memori kadi

Za kusafirishia tu. Flashi ya "terabaiti 2" kwa bei ya chakula cha mchana ni feki: ndani kuna gigabaiti chache, na chipu imefundishwa kudanganya. Ikijaa, mafaili mapya yanaandikwa juu ya ya zamani. Majina unayaona, ukibofya hayafunguki. Ijaribu ikiwa tupu kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux.