Junipa ipi ununue kwa bustani ya Nairobi

Anayetafuta junipa, mmea wa bustani wa jamii ya msaiprasi, katika vitalu vya kando ya barabara, Ngong Road au Limuru Road, huonyeshwa miche mingi ya kijani iliyochongoka, na si ajabu akauziwa msaiprasi wenyewe au thuja, jamaa yake mwingine, badala ya junipa. Hasara yake huonekana baadaye. Msaiprasi ulionunuliwa ukiwa wa kimo cha goti unaweza kuwa mti wa mita 20 na zaidi, jambo ambalo ploti ya futi 50 kwa 100 haiwezi kulistahimili.

Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa, shika tawi ulikague. Majani ya junipa changa ni sindano fupi zinazochoma, aghalabu zikiwa tatu tatu kwenye kila kifundo, na mmea ukikomaa hutoa majani ya magamba madogo yaliyobana kijiti. Katika aina kadhaa utayakuta yote mawili kwenye mche mmoja. Thuja ina vitawi bapa vilivyosimama wima, kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa nusu. Kipimo cha uhakika zaidi ni tunda. La junipa ni dogo, lina nyama, ni la buluu iliyoiva, na limefunikwa na unga mweupe unaotoka ukilifuta kwa kidole. La msaiprasi ni gumu kama mti na hupasuka likikauka, na la thuja lina vipembe. Hata hivyo, junipa nyingi zina mimea dume na mimea jike, hivyo mche usio na tunda usiukatae kwa sababu hiyo peke yake.

Kwa nyumba nyingi za Nairobi, naiweka junipa ya Kichina, Juniperus chinensis, nafasi ya kwanza. Ina aina za kutanda na za kusimama kama nguzo, huvumilia joto na ukavu ikishashika mizizi, na hupogoleka vizuri. Aina za kutanda zinaweza kupanuka hadi mita 3, basi usizisonge ukutani. Zile zenye rangi ya dhahabu zipandwe juani, kwa kuwa kivulini rangi hufifia.

Ya pili ni junipa itambaayo, Juniperus horizontalis, ambayo kwa kawaida haizidi sentimita 30 kwenda juu. Kwenye miteremko ya udongo mwekundu kama ile ya Loresho na Kitisuru, pale ambapo nyasi ni kazi kuzikata, naiona bora kuliko hiyo ya kwanza. Panda kwa nafasi ya mita moja na nusu, kisha uvumilie, maana hufunika ardhi polepole.

Ya tatu ni mtarakwa wetu, Juniperus procera, junipa ya asili ya misitu ya Aberdare, Mau na Mlima Kenya. Nauweka wa tatu kwa sababu ya ukubwa tu, kwani hufikia mita 30 au zaidi na haufai kuwa kichaka cha dirishani. Ningekuwa na nusu ekari Karen au Limuru ningeupanda kabla ya yote: mbao zake hustahimili mchwa, ndiyo maana nguzo za ua za mtarakwa hudumu miaka mingi, na ni mti uliokatwa kupita kiasi unaostahili kurudishwa. Ulizia miche KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, huko Muguga.

Aina yoyote utakayochagua, vuta mche kidogo kwenye mfuko: ukikuta mizizi imejizungusha chini, chukua mwingine. Chunguza pia vidukari na utomvu unaonata kwenye vijiti, kwa kuwa vidukari vya misaiprasi, vilivyoharibu nyua nyingi nchini tangu 1990, hushambulia mitarakwa pia.

Panda mvua za Machi au Oktoba zinapoanza, mahali penye jua kwa saa sita au zaidi. Wakazi wa Embakasi na Syokimau, wenye udongo mweusi unaotuamisha maji, wainue tuta la sentimita 30 na kuchanganya kokoto, kwa sababu mizizi ya junipa huoza ikikaa majini. Mpogoleaji naye aambiwe mapema asikate hadi kwenye kijiti kisicho na majani, kwani junipa haichipui tena hapo.