Helikopta ya remoti kwa mtu wa Tabora: ipi uanze nayo na ipi uiache kwanza

Vijana wanaokuja kwangu hapa Isevya kuulizia helikopta karibu wote huanza na picha kwenye simu. "Shikamoo kaka, hii vipi?" Kabla sijaitazama hiyo picha huwauliza: ikianguka leo jioni, kesho utaitengeneza na nini? Mtu wa Dar es Salaam anaweza kushuka Kariakoo akazunguka maduka. Sisi spea tunaisubiri itoke China kwa wakala wa mizigo, halafu ipande basi usiku kucha. Ndiyo maana mpangilio huu sikuupima kwa mwendo wala kwa uzuri wa umbo. Nimeangalia ni ipi unaweza kuiangusha mara ishirini ukiwa Tabora na bado ikaruka mara ya ishirini na moja.

Na utaiangusha. Ndege ya mabawa ukiiachia kidogo inaendelea kuteleza hewani. Helikopta ya panga moja haina subira hiyo: inaelea pembeni, mkia unageuka, na ikishakutazama usoni kulia kwako kumekuwa kushoto kwake. Vidole huchukua wiki kadhaa kuzoea.

Kuna jambo jingine ambalo boksi halikuambii. Mji wetu uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani. Mchana wa Septemba joto linaipunguza zaidi. Panga linanyanyua kwa kusukuma hewa kwenda chini, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi lazima lizunguke kwa kasi zaidi au liinamishwe zaidi, na vyote viwili vinakula betri. Boksi likisema dakika nane, mimi hapa hupanga sita na kutua. Ndugu zetu wa Kigoma wako chini kidogo, ila wao wana upepo wa ziwa kuanzia mchana, na helikopta iliyoangukia Tanganyika hairudi. Kokote ulipo, ruka kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi, majani ya miembe yakiwa yametulia. Yakishaanza kucheza, weka helikopta ndani.

Ya kwanza: WLtoys V911S

Hii ndiyo ninayomwelekeza kila anayeanza, hata mwenye pesa ya kununua kubwa zaidi. Ina chaneli nne: kupanda na kushuka, kugeuka, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Ina panga kuu juu na panga dogo mkiani kama helikopta ya kweli, kwa hiyo unachojifunza hapa utakitumia mpaka mwisho. Pembe ya mapanga haibadiliki. Unapanda kwa kuongeza kasi ya mota na unashuka kwa kuipunguza. Jairo iliyo ndani, kifaa kinachohisi helikopta ikiinama au kugeuka, huirudisha sawa ukiachia vijiti vya remoti. Maduka ya mtandaoni huiuza kati ya dola 40 na 60 kabla ya usafiri, na betri yake ndogo inachajiwa kwa USB, kwa hiyo umeme ukikatika pawabenki inatosha.

Ubora wake mkubwa ni wepesi. Kitu kizito kikianguka kinajivunja kwa uzito wake. Hii mara nyingi unaiokota, unaifuta, unairusha tena. Lakini mchanga wetu una hila. Unaipokea vizuri, kisha chembe moja inakaa kati ya gia kubwa na kigia cha mota. Ukiiokota usiiwashe. Ishike kwa vidole viwili, zungusha panga kwa mkono taratibu, na uisogeze karibu na sikio. Ikiwa nzima utasikia mteremko laini tu. Ukisikia kitu kinasaga, chukua mswaki mkavu, piga meno ya gia moja moja huku ukipuliza, halafu zungusha tena usikilize. Nimeona gia mpya ikiliwa meno matatu kwa kuwashwa mara moja tu na chembe ndani.

Agiza spea siku hiyohiyo unapoagiza helikopta: jozi nne za mapanga, gia kuu mbili, mikia miwili yenye mota zake, betri nne. Jumla itakaribia bei ya helikopta yenyewe, na bado nasema ulipe. Waya za mota ya mkia ni nyembamba mno na hukatika mahali pa kuunganisha. Fundi simu mwenye ncha ndogo ya kulehemu anaweza kuziunganisha ukimsubiri, ila piga picha kwanza. Waya zikibadilishana nafasi, panga la mkia linazunguka kinyume na helikopta nzima itazunguka kama pia.

Ya pili: XK K110

Ukiweza kuituliza V911S hewani ikikutazama usoni, kwa betri nzima, bila kugusa chini, nunua hii. Bei yake ni karibu mara mbili, na tofauti iko kichwani mwa rota, pale mapanga yanaposhikwa. Mota kuu haina brashi (vile vipande vinavyosugua na kulika ndani ya mota ya kawaida) na inazunguka kwa kasi karibu ileile muda wote, huku servo tatu, yaani vimota vidogo vya kusukuma vijiti, zikibadili pembe ya mapanga. Ukitaka kupanda, mapanga yanainama zaidi na inaruka juu papo hapo. Ukitaka kushuka, yanalala. Yanaweza hata kuinama upande wa pili, ndipo unapowaona mabingwa wakiirusha miguu juu. Ina swichi ya kuchagua hali mbili. Katika hali ya 6G jairo inakusaidia kuiweka sawa. Katika hali ya 3D inabaki mahali ulipoilaza. Kaa kwenye 6G mpaka mkono ukomae.

Naipenda hii kuliko nyingine yoyote iliyowahi kuingia mikononi mwangu, na sitaficha kasoro yake. Mota ya mkia ni ndogo, ya brashi, na inafanya kazi bila kupumzika kuzuia mwili usizunguke kinyume na panga kuu. Kwenye hewa yetu nyepesi inafanya kazi zaidi. Ukipachika betri ya pili wakati mota bado ya moto, na ya tatu, inachoka. Dalili yake ni mkia kuanza kuteleza pole pole upande mmoja unapopanda ghafla. Iache ipoe angalau dakika tano kati ya betri na betri, na uwe na mota ya akiba kabatini.

Kitu cha pili cha kukagua ni kile kijiti cha chuma kinachopita ndani ya kichwa cha rota kikishika mapanga yote mawili. Baada ya pigo, helikopta ikitetemeka hata kwa mapanga mapya, ndicho kimepinda. Kukitazama kwa macho hakutoshi. Kitoe, kiweke juu ya kioo, kisukume kwa kidole kibingirike. Kilichonyooka kinabingirika kimya. Kilichopinda kinachuchumaa na kuinuka, na ukiinamisha macho usawa wa kioo unaona mwanga ukifunguka na kufunga chini yake. Usijaribu kukinyoosha. Badilisha.

Faida nyingine kwa sisi tulio mbali: sehemu zake nyingi zinaingiliana na V977 ya WLtoys, na kipokezi chake kinaelewana na remoti za Futaba za mfumo wa S-FHSS. Siku moja ukinunua remoti bora, helikopta hii haitupwi.

Ya tatu: OMPHobby M2

Hii ni ya mtu aliyekwisha kujua anachokifanya. Mota kuu inashika panga moja kwa moja bila gia, na mkiani kuna mota yake isiyo na brashi. Ukikumbuka habari ya chembe za mchanga utaelewa kwa nini naisifu: hakuna meno ya kuliwa. Rota yake ina kipenyo cha karibu sentimita 40, inahimili upepo unaozifungia ndani zile mbili za juu, na inatumia betri ya seli tatu. Lakini bei ni kuanzia dola 350 hivi, kwa kawaida huuzwa bila remoti, na utahitaji chaja ya kusawazisha seli. Ukijumlisha vyote hivyo, fikiria mara mbili ni nani Tabora nzima atakayekuazima spea.

Za mtoto na za sebuleni

Syma S107G ina rota mbili zilizopandana zinazozunguka kinyume, moja inafuta msukumo wa mwenzake, kwa hiyo inatulia yenyewe. Remoti yake inatumia mwanga wa infraredi, na jua la nje linaumeza. Ni ya ndani ya nyumba tu. Mpe mtoto, atafurahi kweli. C129 inashikilia kimo yenyewe kwa kupima mgandamizo wa hewa, na inakaa angani muda mrefu kuliko V911S. Nimeiweka chini kwa anayetaka kuendelea, maana inamfundisha kuacha kijiti cha kushoto katikati, na siku akishika K110 kidole hicho kitakuwa hakijasoma.

Ya mwisho kwa anayeanza: seti ya 450 ya kuunga mwenyewe

Hapa ndipo nilipoanzia mimi, na ndiyo sababu nimeiweka mwisho. Nilipata seti iliyonakiliwa kutoka kwenye T-Rex 450 ya kampuni ya Align (450 ni namba ya ukubwa), mapanga ya milimita 325, betri ya seli tatu ya 2200mAh. Betri ilifika imevimba. Aliyeniuzia alisema joto la njiani halimhusu. Nikaunga usiku na mchana bila mtu wa kumuuliza, na siku ya kwanza skrubu moja ya kichwani ilifunguka kwa mtetemo kwa sababu sikuwa nimeipaka gundi ya nyuzi, ile inayozuia skrubu kulegea. Chuma kwenye chuma lazima ipate tone la gundi ya bluu. Kwenye plastiki usiweke, inaila.

Ncha ya panga la ukubwa huu inakwenda zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Mwaka 2013 kijana wa miaka 19 alifariki huko Brooklyn, New York, kwa kupigwa na helikopta yake mwenyewe, iliyokuwa kubwa kuliko hii. Naomba usiirushe mahali ambapo watoto wanaweza kukimbilia, na usiiwashe ukiwa karibu nayo chini ya hatua kumi.

Lakini kuunga ni raha ambayo helikopta ya boksini haikupi. Ukifika hatua ya kulinganisha mapanga, bandika utepe mwekundu kwenye ncha ya moja na wa bluu kwenye nyingine, inyanyue, simama mbali, tazama usawa wa macho. Utaona mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Tua, geuza kiungo (kijiti kinachoshika pembe) cha lile la juu mzunguko mmoja, rudia. Mistari ikiungana kuwa mmoja, mtetemo wa mkia unakatika na mlio wenyewe unabadilika, unakuwa mzito na safi. Kwa mazoezi ifunge chini msalaba wa fito za mianzi zenye mipira myepesi kwenye ncha, isilale ubavu inapogusa ardhi.

Betri, ruhusa, na siku ya mzigo

Seli ya lipo, yaani betri ya lithiamu ya helikopta hizi, ikijaa ni volti 4.2. Tua kabla haijashuka chini ya 3.5, na ukiiweka kabatini zaidi ya siku mbili tatu iache kwenye 3.8. Usiilaze chini ya bati jua likiwaka. Mimi huzitunza kwenye chungu chenye mchanga, sakafuni, na huchajia hapohapo nikiwepo. Iliyovimba haichajiwi tena.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ina kanuni za ndege zisizo na rubani. Waulize kuhusu aina unayotaka kabla hujalipa, hasa M2 au 450. Uwanja wetu wa ndege hauko mbali na makazi, kwa hiyo tafuta eneo la wazi upande wa pili wa mji, na mwambie mwenyekiti wa mtaa unachokifanya.

Unapoagiza, soma herufi. RTF maana yake inakuja na remoti. BNF maana yake utaitafuta mwenyewe, na wengi wamelia hapo. Hakikisha ni Mode 2, yaani kijiti cha kupandia kiko kushoto, kwa sababu karibu kila atakayekufundisha huku anarusha hivyo. Mwulize wakala mapema kama anapokea mzigo wenye betri kwa ndege na kwa bei gani. Wapo wanaokataa, na helikopta hufika bila betri. Mzigo ukifika stendi, fungua boksi palepale mbele ya aliyekukabidhi. Bonyeza kila betri kwa kidole gumba, zungusha panga kwa mkono, tazama bomba la mkia kwa urefu kama unavyotazama mbao kama imenyooka, na piga picha ya chochote kilichopinda kabla hujatia sahihi.