Santuri za Jim Reeves: ipi ununue, ipi uiache sokoni

Kila ifikapo Novemba simu yangu huanza kujaa picha za santuri. Mtu yuko Kenyatta Market, Nairobi, ameshika LP (santuri kubwa ya nyimbo nyingi) ya Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, iliyochakaa pembe, anauliza: ninunue? Namwambia ageuze jalada atafute mwaka. Jim Reeves alifariki tarehe 31 Julai 1964, ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha mwenyewe ilipoingia kwenye dhoruba na kuanguka karibu na Nashville, akiwa na miaka 40. Lakini santuri zake "mpya" ziliendelea kutoka miaka na miaka baada ya mazishi, na hapo ndipo pesa za watu hupotelea.

Kampuni yake, RCA Victor, ilibaki na kanda nyingi. Baadhi zilikuwa nyimbo kamili. Nyingine zilikuwa majaribio tu, sauti na ala mbili tatu, zikaja kuongezewa fidla na waitikiaji baadaye. Sauti ni yake kweli, ila muziki unaomzunguka hakuusikia. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: anza na zilizotoka akiwa hai au mwaka ule ule aliofariki, kisha angalia hali ya sahani, na bei iwe jambo la mwisho. Mtu huyu aliuza sahani nyingi mno duniani. Anayekwambia kuwa LP yake ni adimu anakufanyia biashara. Kwenye maduka ya hisani ya Uingereza hupatikana kwa pauni moja au mbili.

Nafasi ya kwanza naipa Moonlight and Roses ya 1964. Karibu kila wimbo humo una mwezi au waridi, na ukisoma majina yake unaweza kudhani ni mzaha, mpaka uweke sindano. Tangu 1957, aliporekodi Four Walls, Reeves alikuwa ameacha kupaza sauti kama waimbaji wengine wa kantri. Alisogea karibu kabisa na maikrofoni akaimba kama anayezungumza na mtu mmoja. Kwenye santuri hii fidla na piano zimekaa nyuma yake kwa adabu, na hata kwa spika ndogo unamsikia akivuta pumzi. Ukiikosa, chukua A Touch of Velvet ya 1962, ambayo ni ndugu yake wa toka nitoke.

Ya pili ni Twelve Songs of Christmas ya 1963, na najua wengi wangeiweka ya kwanza. Kenya, Krismasi bila Jim Reeves ni kama pilau bila bizari. Tatizo ni hilo hilo: kila Desemba ilichezwa asubuhi hadi usiku, kwa sindano ambayo haikuwahi kubadilishwa. Usiijaribu kwa Jingle Bells, kwa sababu wimbo wa kwanza uko ukingoni na kelele zake hufunika makosa. Geuza upande wa pili, weka sindano kwenye Silent Night, wimbo wa mwisho. Karibu na kitovu cha sahani mawimbi ya sauti ndani ya mfereji hubanana na sindano hupata taabu zaidi, kwa hiyo uchakavu wote hujitokeza huko. Ukisikia herufi "s" zinachanika kama kitambaa, rudisha. Mkwaruzo unaoonekana kwa macho unaweza kuwa hauna neno. Mchaniko huo haufutiki kwa maji wala kwa dawa.

He'll Have to Go ya 1960 ndiyo ya tatu, kwa sharti kwamba uipate ya mono, yaani sauti ile ile kwenye spika zote. Wimbo uliobeba jina hilo ulifika namba 2 kwenye chati kuu ya Marekani mwaka huo, na ni wimbo mtulivu mno, kwa hiyo kila chembe ya vumbi itapiga kelele. Kuhusu mono: kwenye LP za Marekani za wakati ule, namba inayoanza na LPM ni mono, LSP ni stereo, yenye sauti tofauti kila spika. Ukiona LSP ambayo namba yake inafuatwa na herufi e ndogo kwenye mabano, hiyo ni stereo ya kubandika. Mafundi walichukua mono, wakaigawa nyembamba upande huu na nzito upande ule, wakanyunyizia mwangwi. Matokeo yake Jim anaimba kutoka ndani ya tangi la maji. Mono ikiwa na mikwaruzo kidogo, mimi naichagua kuliko hiyo ikiwa safi.

Anayetaka sahani moja tu ndani ya nyumba basi achukue The Best of Jim Reeves ya 1964, ila aangalie hiyo e. We Thank Thee ya 1962 ni ya nyimbo za dini. Ukiwa na mama mkwe wa kumpelekea zawadi, huna haja ya kusoma zaidi.

Distant Drums ya 1966 naiweka chini kidogo, ingawa wimbo wenyewe ulikaa namba 1 Uingereza kwa wiki tano, mwimbaji akiwa kaburini miaka miwili. Ulikuwa mojawapo ya yale majaribio, ukavishwa okestra baadaye. Umevishwa vizuri, nakubali. Ninunue kwa bei ya juu? Hapana.

Mkiani kabisa ni ile ya 1981 yenye nyimbo zake na za Patsy Cline, mwimbaji mwenzake wa kantri. Muuzaji atakuonyesha kwamba wanaimba pamoja. Hawakuwahi kurekodi pamoja studio. Cline alifariki Machi 1963, naye pia kwa ajali ya ndege. Mafundi walikata kanda zao wakaziunganisha. Kama kioja, sawa.

Kuhusu sahani zenyewe: lebo nyeusi yenye mbwa anayesikiliza gramafoni ni ya Marekani, ya kabla ya mwisho wa miaka ya 60. Baadaye lebo ikawa ya rangi ya chungwa, na ukikuta neno Dynaflex utaona sahani nyembamba inayopindika mkononi. Usiogope, nyingi hulia vizuri. Ogopa iliyopinda yenyewe, hasa iliyokaa Mombasa karibu na dirisha. Iweke juu ya kioo. Ikicheza kama kifuniko cha sufuria, iache.

Na usidanganywe na madaraja ya mtandaoni. Herufi G maana yake ni "nzuri", lakini kwa wauza santuri nzuri ni mbaya: sahani inacheza mpaka mwisho bila kuruka, ila kwa kelele na mikwaruzo inayosikika. Usishuke chini ya VG+ ("nzuri sana" na nyongeza juu) kwa mwimbaji mtulivu kama huyu. Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza Moonlight and Roses kutoka ng'ambo, nikalipa posta kuliko sahani. Jalada lilikuja kama limetoka kiwandani jana. Ndani, sahani imekaangwa upande wa kwanza mpaka wa pili. Muuzaji alikuwa ameipa daraja kwa kuangalia jalada.

Kwa hiyo ukiikuta mahali sahani inang'aa lakini jalada limelowa, limeota ukungu au limeliwa na panya, punguziwa bei uichukue. Jalada la ziada ninalo.